Uendapo Ng'ambo Kusoma, Usome na Mji

Kwa mkazi wa Kigamboni neno "ng'ambo" si neno la mbali. Kila alfajiri wananchi wa Tungi, Mjimwema, Kibada na vitongoji vya jirani huvuka ng'ambo kwenda mjini kutafuta riziki, na jioni huvuka tena kurejea majumbani mwao. Wengine hupita Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, na wengine husimama foleni kungojea pantoni. Lakini iko ng'ambo nyingine isiyovukwa kwa pantoni wala kwa daraja. Kila mwaka, ufikapo mwezi Septemba, baadhi ya vijana wetu hufungasha masanduku yao, wakaagana na wazee, wakaenda nchi za mbali kutafuta elimu ya juu. Kwa hao tunaandika leo, na kwa wazazi wao, na kwa wote waliochangia nauli yao.

Suala tunalotaka kulitazama ni hili: kijana wetu afikapo katika mji wa ugenini, tena mji mkongwe wenye karne nyingi mgongoni, aone nini na afanye nini mbali na kuhudhuria darasa? Wako watakaosema kwamba suala hili ni la anasa, kwa kuwa mwanafunzi hakupelekwa kutembea bali alipelekwa kusoma. Sisi tunaona vingine. Mji mkongwe ni chuo cha pili kilichosimama pembeni mwa chuo cha kwanza, na ada yake kwa sehemu kubwa imekwisha lipwa pamoja na nauli. Asiyekisoma chuo hicho amerudi na nusu ya mzigo aliotumwa.

Tuanze na habari ya mzigo wenyewe. Mwanafunzi anayesoma nje hasomi kwa fedha zilizookotwa. Ama ni fedha ya umma, ambayo ni jasho la mkulima na mfanyakazi. Ama ni fedha ya mzazi, ambaye pengine ameuza kiwanja alichokuwa akikitegemea uzeeni. Ama ni ufadhili wa watu wa nje, ambao wangeweza kumpa mwingine. Kwa hiyo kila siku anayokaa kule ina mwenyewe huku. Nasi tumekwisha kuona aina mbili za wanaorejea. Wako wanaorudi na shahada pamoja na sanduku la nguo, na ukiwauliza habari za mji walimokaa miaka mitatu watakutajia maduka na baridi, kisha maneno yamekwisha. Wako na wengine ambao ukiketi nao barazani watakueleza jinsi mji ule ulivyojengwa, nani alitoa fedha, nani alibeba mawe, maji yanaletwaje, basi linaendeshwa na nani, na wananchi wa kule wanabishana juu ya jambo gani. Shahada za watu hawa wawili huenda zikawa sawa. Faida yao kwa nchi si sawa hata kidogo.

Mfano mkubwa tulio nao ni wa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 27, tena akiwa amekwisha soma Makerere na kufundisha Tabora, alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, na mwaka 1952 akarejea na shahada yake. Hakuchagua somo moja la kujifungia. Alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa, historia, sheria ya katiba, elimu ya jamii za watu na falsafa ya maadili. Uingereza ya wakati ule ilikuwa imetoka vitani karibuni. Vyakula kama sukari vilikuwa bado kwa mgao. Huduma ya matibabu kwa wananchi wote ilikuwa imeanzishwa mwaka 1948 tu. Na mabishano juu ya hatima ya makoloni yalikuwa moto. Mwanafunzi yule aliyaona yote hayo kwa macho yake, wala hakuyapita kama mtu anayepita njia. Akiwa huko huko aliandika makala ndefu kuhusu tatizo la rangi katika Afrika Mashariki, ambayo ilikuja kuchapishwa mwaka 1966 katika kitabu cha hotuba na maandishi yake. Aliporudi alifundisha Pugu, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa. Hata tafsiri zake za Shakespeare, ile ya Juliasi Kaizari ya mwaka 1963 na ile ya Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969, ni ushahidi kwamba alichokisoma ugenini hakukiacha ugenini. Alikileta nyumbani kikiwa kimevaa lugha ya nyumbani.

Wala Kigamboni yetu haiko mbali na habari hii. Chuo cha Kivukoni, kilichofunguliwa hapa mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru, kiliigwa kwa mfano wa Chuo cha Ruskin cha Oxford, ambacho kilianzishwa mwaka 1899 ili kuwapa elimu wafanyakazi. Ndugu Joan Wicken, Mwingereza aliyesoma Ruskin, alishughulika sana kutafuta fedha za kukianzisha, na baadaye akawa msaidizi wa Mwalimu kwa miaka mingi. Chuo hicho tangu mwaka 2005 ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, na kila anayetoka kwenye pantoni hukiona. Basi anayeuliza kama kuutazama mji wa wenzetu kuna faida gani, na ageuze shingo. Watu walikiona chuo cha wafanyakazi Oxford, wakafikiri, na Kigamboni ikapata chuo.

Kwa kuwa Edinburgh ndio mji aliosoma Mwalimu, na kwa kuwa vijana wetu wanaendelea kwenda huko, tutautumia mji huo kuwa mfano wetu. Anayekwenda mji mwingine atapima mwenyewe.

Jambo la kwanza ni kujua kwamba jua la kule si la huku. Kigamboni iko karibu na mstari wa Ikweta, na mchana wetu hautofautiani sana mwaka mzima. Edinburgh iko kaskazini mno. Mwezi Desemba jua huchomoza yapata saa mbili na dakika arobaini asubuhi na kuzama kama saa tisa na dakika arobaini alasiri; mwezi Juni halizami mpaka saa nne za usiku. Mwenye kufunga na mwenye kuswali azipange saa zake mapema, maana magharibi ya Desemba humkuta mtu bado yuko darasani. Kwa bahati njema, Msikiti Mkuu wa Edinburgh, uliofunguliwa mwaka 1998, uko Potterrow, jirani kabisa na majengo ya Chuo Kikuu, na jiko lililoanzia hapo limekuwa mashuhuri kwa wali na mchuzi wa bei nafuu, unaoliwa na wanafunzi wa kila dini. Mkristo naye hatakosa kanisa la madhehebu yake. Tunalitaja jambo hili kwanza kwa sababu mgeni mwenye njaa na mpweke hauoni mji. Huona ukuta wa chumba chake tu.

Akisha pata makazi, na atembee kwa miguu. Mji wa kale wa Edinburgh umejengwa juu ya mgongo wa jabali. Upande wa juu iko ngome ya wafalme, upande wa chini liko jumba la kifalme la Holyrood, na katikati unapita mtaa mmoja mrefu wenye vichochoro vingi kuume na kushoto. Aliyezoea Mji Mkongwe wa Unguja hatashangazwa na vichochoro hivyo; atashangazwa na urefu wa nyumba. Watu walikuwa wengi na ardhi ilikuwa haba, wakajenga kwenda juu, ghorofa kumi na hata zaidi, tena karne nyingi kabla ya mashine ya kupandisha watu. Tajiri na maskini walikaa katika jengo moja, na maji machafu yalitupwa mtaani. Chini ya jabali lilikuwako ziwa lililojaa taka, na mahali pake leo pana bustani nzuri ajabu. Kijana wetu anayetoka katika jiji ambalo kila masika hupambana na mafuriko na taka na asimame bustanini hapo ajiulize: ziwa lile lilikaushwa kwa mpango gani, na kwa muda gani? Kazi ilianza mwaka 1759 na ikaendelea kwa miaka mingi. Hilo peke yake ni somo zima la mipango miji.

Kuingia ngomeni kuna kiingilio, tena si kidogo. Mwanafunzi aingie mara moja tu, na aingie akiwa amekwisha soma habari zake. Lakini mzinga wa ngome husikika bure. Kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu chache, saa saba kamili mchana, hupigwa mzinga mmoja. Desturi hii ilianza mwaka 1861 ili mabaharia waliotia nanga Leith waweze kusahihisha saa zao, kwa kuwa baharia asiyejua saa barabara hajui aliko. Leo watalii huufurahia kama mchezo. Mtoto wa Kigamboni, aliyekua akizisikia honi za meli zikiingia bandarini, na aukumbuke mzinga ule kwa maana yake ya asili, nayo ni huduma kwa watu wa kazi.

Upande wa pili wa bustani uko ule uitwao Mji Mpya, ingawa mpango wake ulichorwa na James Craig mwaka 1767. Mitaa yake imenyooka, nyumba zake za mawe zinalingana, na miti imepandwa kwa mstari. Sehemu hizi mbili, wa kale na mpya, ziliingizwa pamoja katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 1995. Hapo ndipo tunapomtaka kijana wetu asiishie kustaajabu. Na aulize swali ambalo kila msomi wa Kiafrika anapaswa kulibeba mfukoni: fedha ilitoka wapi? Sehemu ya utajiri wa mji ule ilitokana na mashamba ya miwa na tumbaku ya ng'ambo ya Atlantiki, yaliyolimwa na watumwa kutoka Afrika. Katika uwanja wa St Andrew iko nguzo ndefu yenye sanamu ya Henry Dundas, mwanasiasa ambaye mwaka 1792, hoja ya kukomesha biashara ya watumwa ilipofikishwa Bungeni, alishikilia kwamba ikomeshwe polepole. Sheria ya kuikomesha haikupatikana mpaka mwaka 1807. Wasomi wa kule wanabishana hata leo juu ya kiasi cha lawama anayostahili, na kibao kilichowekwa hapo mwaka 2021 kimezusha ugomvi mkali. Chuo Kikuu chenyewe, Julai 2025, kilitoa ripoti ndefu ya kukiri jinsi kilivyonufaika na fedha za utumwa na ukoloni, na jinsi baadhi ya walimu wake wa zamani walivyoeneza mafundisho ya ubaguzi wa rangi. Mwanafunzi wetu na aisome ripoti hiyo kabla hajaanza kusoma vitabu vya mtihani. Ataketi darasani akijua ameketi mahali gani.

Lakini tusimfundishe kijana kuona upande mmoja. Mji ule ule uliowatajirisha wenye watumwa ulikuwa pia na watu waliowapinga. Mwaka 1846 Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka Marekani akawa mnenaji mkubwa wa ukombozi, alihutubia hapo mikutano mikubwa akilitaka kanisa moja la Uskoti lirudishe fedha lililopokea kutoka kwa wenye watumwa. Katika makaburi ya zamani ya Calton iko nguzo iliyosimamishwa mwaka 1844 kwa kumbukumbu ya wanasiasa walioshitakiwa mwaka 1793 na 1794 na kupelekwa uhamishoni Australia kwa kosa la kudai haki ya wananchi kupiga kura. Karibu nayo iko sanamu ya Abraham Lincoln na mtumwa aliyekombolewa, iliyowekwa mwaka 1893. Makaburi hayo hayana kiingilio. Saa moja mahali hapo itamfundisha mtu kwamba haki walizo nazo Waingereza hazikushuka kwa mvua. Zilidaiwa, na waliozidai walifungwa.

Karibu na hapo, juu ya kilima cha Calton, ziko nguzo kumi na mbili kubwa zilizosimama bila paa. Mwaka 1826 wakubwa wa mji walianza kujenga mnara wa kitaifa kwa mfano wa hekalu mashuhuri la Athens, na mwaka 1829 fedha zikawaishia. Mpaka leo haukumalizika. Tunawaomba vijana wetu wapande kilima hicho, hasa wale watakaorudi kuwa maofisa wa mipango. Nchi tajiri nayo imewahi kuanza jambo kubwa kuliko mfuko wake. Tofauti ni kwamba wenzetu wameyaacha magofu yao wazi, kila mtoto wa shule ayaone na aulize.

Sasa tuje kwenye kilicho chetu. Katika bustani ile ya chini ya jabali iko sanamu ya David Livingstone, iliyowekwa mwaka 1876. Kila mtoto wa shule ya msingi nchini anajua habari za Ujiji. Wachache wanakumbuka kwamba Livingstone alipokufa mwaka 1873, walioubeba mwili wake kwa miguu miezi mingi mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874, walikuwa Waafrika wakiongozwa na Chuma na Susi. Baadaye wawili hao walikwenda Uingereza wakamsaidia mhariri Horace Waller kutayarisha kitabu cha safari za mwisho za bwana wao. Hawamo katika sanamu ile. Mwanafunzi wetu akipita hapo na rafiki wa Kiskoti, ni wajibu wake kumweleza habari za Chuma na Susi. Hiyo nayo ni kazi ya ubalozi, wala haihitaji hati ya Serikali.

Asiishie kwenye sanamu. Katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, iliyoko George IV Bridge, zimehifadhiwa barua na karatasi nyingi za Livingstone na za wamisionari waliokuja pande zetu. Ndani ya karatasi kama hizo yamo majina ya vijiji vyetu, ya majumbe wetu, bei za pembe na vitambaa, na maneno ya lugha zetu kama yalivyosikiwa zamani. Mtafiti wa Bagamoyo au Kigoma asiye na nauli hawezi kuyafikia kwa urahisi. Mwanafunzi aliyeko hapo anaweza kuomba kibali cha msomaji, akaketi Jumamosi kadhaa na kunakili kilicho chetu. Tukipata wanafunzi kumi wa namna hiyo kila mwaka, walimu wetu wa historia watakuwa na cha kufundishia.

Kisha kuna siasa na uchumi. Bunge la Uskoti, lililoungana na la Uingereza mwaka 1707, lilirudishwa mwaka 1999, na jengo lake jipya lilifunguliwa Holyrood mwaka 2004. Lina wajumbe 129, na mwananchi au mgeni anaweza kuketi bila malipo kusikiliza mjadala. Hatua chache kutoka hapo, katika makaburi ya Canongate, amezikwa Adam Smith, aliyefariki mwaka 1790, na ambaye vitabu vyake vya uchumi vinatajwa na wengi kuliko wanaovisoma. Katika mtaa huo huo, ndani ya jengo lililojengwa mwaka 1591, yalianzishwa mwaka 1989 makumbusho ya maisha ya wafanyakazi wa mji: waokaji mikate, wafua chuma, watumishi wa nyumbani. Ni vema kuyapa nafasi hayo sawa na jumba la mfalme. Tena mabasi makubwa ya mji ni mali ya halmashauri za pale pale, si ya tajiri fulani, na yanakwenda kwa saa. Kijana anayetoka katika jiji la daladala na mwendokasi atafanya vema kuuliza yanaendeshwaje, nauli inapangwa na nani, na hasara ikitokea hulipwa vipi.

Tumekwisha sema ya kuona. Sasa tuseme ya kutenda. Kwanza, ajiunge na watu. Wako vijana wetu ambao ugenini hujifungia na wenzao wa nchi moja, wakapika ugali, wakasema Kiswahili, wakaulaumu mji wasioujua. Ugali si dhambi, na Kiswahili ni fahari yetu. Lakini asiyeketi na wenyeji hawezi kujua wenyeji wanafikiri nini. Pili, ajihadhari na kazi za vibarua. Sheria ya Uingereza humruhusu mwanafunzi wa shahada aliyetoka nje kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na wengi wanazihitaji. Lakini fedha ya kuosha vyombo ikianza kuwa tamu, daftari hukunjwa, na aliyekwenda kuwa daktari hurudi, au hasirudi, akiwa mwosha vyombo mwenye madeni. Tatu, aandike.

Juu ya kuandika tunataka kukaza. Sisi tuliosomea chuoni kwa mwalimu kabla ya kuingia shule ya Serikali tulizisikia mapema habari za Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 akaisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Kama angeliona na kunyamaza, leo tungekuwa na ushahidi mmoja pungufu wa ukuu wa Kilwa. Na wazee wetu nao walisafiri na kuandika. Salim bin Abakari alikwenda Urusi na Siberia mwishoni mwa karne ya 19, na habari ya safari yake, kwa Kiswahili, ilichapishwa mwaka 1901 katika mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pande za Bagamoyo, alifundisha Kiswahili Berlin, na mwaka 1903 kikatoka kitabu chake cha Desturi za Wasuaheli. Hawa hawakuwa na kompyuta wala simu ya mkononi. Kijana wa leo, mwenye vyote viwili, hana udhuru. Picha elfu moja za kujipiga mwenyewe mbele ya ngome si kumbukumbu. Ukurasa mmoja kila Jumapili, kwa Kiswahili safi, ni hazina.

Anayekwenda mji mwingine na afuate utaratibu huu huu. Aliyeko Berlin asikose kwenda makumbusho ya viumbe, kwani mifupa ya yule mjusi mkubwa inayojaza ukumbi ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, kwa mikono ya wananchi wa kusini, akiwamo msimamizi wao Boheti bin Amrani. Aliyeko Cairo asidhani ameiona Al-Azhar kwa kuwa amehudhuria darasani. Na autembelee msikiti wenyewe, ulioanza kujengwa mwaka 970, na mitaa ya mafundi iliyouzunguka, aone jinsi elimu na biashara zilivyolelewa pamoja. Kila mji mkongwe una kitu chetu ndani yake, na una kitu cha kutufundisha. Kazi ya mwanafunzi ni kuvitafuta vyote viwili.

Tunajua tutakaloambiwa: mwanafunzi hana fedha wala nafasi. Hoja hii ni ya haki, nayo yataka jibu. Kwa upande wa fedha, katika yote tuliyoyataja ni ngome na jumba la kifalme la Holyrood tu vyenye kiingilio kikubwa. Makumbusho ya Taifa ya Uskoti, makaburi, bustani, kilima cha Calton na jabali la Arthur's Seat, lenye urefu wa mita 251, hayadai senti. Kwa upande wa nafasi, hatusemi zaidi ya nusu siku kwa juma. Anayekosa nusu siku kwa juma, na jioni zote amezitumia kutazama simu, hakukosa nafasi. Amekosa mpango.

Lakini liko neno moja la kuwaambia wenyewe tuliobaki. Kijana atauonaje mji wa wenzake ikiwa hajafundishwa kuuona wa kwake? Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, miaka 14 kabla ya Edinburgh; Mji Mkongwe wa Unguja uliingia mwaka 2000. Ni wangapi kati ya wanaokwenda ng'ambo wamefika Kilwa? Bagamoyo ni mwendo wa saa chache. Na anayevuka kwa pantoni kila siku huyaona makanisa ya St Joseph na Azania Front, yaliyojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa ukoloni, na mbele kidogo liko Boma la Kale lililojengwa enzi za Sultani Majid, katika miaka ya 1860. Wangapi wamewahi kuingia? Wakati huo huo majumba kadhaa ya kale ya katikati ya jiji yamekwisha bomolewa na mahali pake pamesimama vioo. Edinburgh nayo ilitenda kosa hilo: katika miaka ya 1960 Chuo Kikuu kilibomoa sehemu kubwa ya uwanja wa George Square kwa ajili ya majengo mapya, na wenyeji wanasikitika mpaka leo. Nyumba ya kale ikivunjwa hairudi.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu. Kila mwanafunzi anayepata ufadhili wa umma apelekwe kwanza Kilwa au Bagamoyo kabla ya kupanda ndege, aende akijua anatoka katika watu waliojenga miji. Akiwa kule, atume angalau mara mbili kwa mwaka barua ya kueleza alichokiona, nayo isomwe shuleni alikotoka. Na akirudi, kabla hajaanza kutafuta cheo, aitwe katika kata yake, au katika ukumbi wa chuo chetu hapa Kigamboni, ahutubie wananchi jioni moja na kujibu maswali yao. Wazee waliomchangia nauli, na wavuvi, na mama lishe wa feri, wana haki ya kusikia fedha yao ilikwenda kuona nini.

Mwanafunzi anayejua kwamba swali hilo linamngoja gatini hatalala chumbani siku za Jumamosi. Atavaa koti lake zito, achukue daftari, atoke akausome mji.